Lugha yangu ya Kirusi inaishia kooni, na nyumbani pamechafuka

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni dereva wa watalii, naishi Donholm hapa Nairobi, miaka thelathini na minne, nina mke na binti wa miaka saba. Kazi yangu ni kupokea wageni uwanja wa ndege wa JKIA na kuwapeleka Mara, Amboseli au Naivasha, na wale wenye haraka huishia hapahapa kwenye mbuga yetu ya Nairobi. Kiingereza hakinisumbui, na Kijerumani cha kuombea maji ninacho. Sasa mwaka huu bosi amepata mtu wa kumletea wageni wanaozungumza Kirusi, na ametuambia bila kupindapinda kwamba dereva atakayeweza kuongea nao ndiye atakayepewa makundi hayo. Hao wageni, Mwalimu, hukaa siku nyingi na bahashishi yao si haba.

Nikaingia kwa nguvu. Nikaweka programu ya Kirusi kwenye simu. Nikiwa kwenye foleni ya Jogoo Road nasoma, nikisubiri ndege itue nasoma. Herufi zao nazijua zote, maneno ninayo mengi, na programu hunipigia vigelegele kila siku. Lakini juzi nilitumwa kusaidia kubeba mizigo ya familia moja. Baba akaniuliza jambo, nikabaki nimeduwaa. Nikajibu kwa Kiingereza, naye Kiingereza hajui. Dereva mwenzangu ambaye hajawahi kusoma Kirusi hata dakika moja akamwonyesha choo kwa kidole, mambo yakaisha. Tangu siku hiyo kazini naitwa Gorbachev.

La pili ni la nyumbani. Nilitafuta mtu wa kufanya naye mazoezi nikampata dada mmoja wa Moscow ambaye anajifunza Kiswahili kwa kuwa hupenda kwenda Zanzibar. Tulikubaliana nusu saa iwe ya Kiswahili chake na nusu saa ya Kirusi changu. Tunaongea saa tano usiku kwa sababu ya tofauti ya saa za huko na huku, nami hukaa jikoni na kuongea chinichini nisimwamshe mtoto. Mke wangu amechukia. Anasema mwanamume anayenong'ona jikoni usiku na mwanamke wa Kizungu hana la kujitetea. Nimemweleza kwamba ni kazi, hataki kusikia. Siku hizi hata chakula huwekwa mezani bila neno.

La tatu sijamwambia mtu. Kuna ajenti hapa mjini, aliposikia najifunza Kirusi aliniambia ana kazi ya kuendesha malori huko Urusi, tiketi analipa yeye, mshahara mara nne ya huu wangu. Anasema Kirusi nitakimalizia hukohuko.

Je, kichwa changu ni kigumu? Umri umenipita? Na ile sarufi yao ya maneno kubadilika mikia naianzia wapi?

Gorbachev wa Donholm

*

Marahaba, mwanangu.

Nitaanza na saa, maana hapo nilicheka peke yangu hadi mama wa nyumba akaja kuuliza kulikoni. Saa za Moscow na za Nairobi ni zilezile. Warusi waliacha kusogeza saa zao kila msimu mwaka 2011, na tangu 2014 Moscow imekaa saa tatu mbele ya Greenwich mwaka mzima, na sisi tuko hapohapo. Saa tano usiku Donholm ni saa tano usiku kwa huyo dada. Urusi ina kanda kumi na moja za saa, na ungeniambia mwenzako yuko Vladivostok ningekutetea, kwa kuwa huko wametutangulia kwa saa saba. Lakini wa Moscow! Mweleze mkeo hili wewe mwenyewe, leo, kabla hajaambiwa na mtu mwingine.

Kisha hamisha mazungumzo hayo. Yawe Jumamosi mchana au jioni kabla ya chakula, sebuleni, simu mezani na sauti ifunguliwe. Na ile nusu saa ya Kiswahili mpe mkeo. Huyo dada anataka Kiswahili, na Kiswahili cha nyumbani kwako si chako peke yako. Akimfundisha mgeni wa Moscow kusema "nipunguzie bei" vizuri, atamjua ni mtu wa namna gani, na huyo mtu pia atajua kwamba una mke. Ikiwa pendekezo hili linakukosesha raha, basi mkeo ameona kitu, na si Kirusi kinachotakiwa kuzungumzwa hapo nyumbani.

Sikuitanguliza habari ya ndoa kwa adabu tu. Ugonjwa wako wa kooni umetokea jikoni humohumo. Hebu jisomee barua yako: kwenye foleni unasoma, uwanja wa ndege unasoma, usiku unanong'ona. Ni wakati gani umewahi kusema Kirusi kwa sauti? Kidole chako kinajua Kirusi, jicho lako linakijua, mdomo haujawahi kuambiwa. Programu inakuonyesha maneno manne uchague moja, ukichagua sawa inashangilia, na hiyo si kazi uliyopewa siku ya mizigo. Hata kunong'ona hakusaidii sana, kwa kuwa mtu anaponong'ona d na t, z na s, b na p huanza kufanana, na Kirusi hutegemea sana tofauti hizo.

Kwa hiyo sahau habari ya kichwa kigumu. Taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani inakadiria kwamba mtu aliyekulia Kiingereza anahitaji saa za darasani kama 1,100 ili afanye kazi kwa Kirusi, na kama 900 kwa Kiswahili. Hizo ni hesabu za watu wanaokwenda kujadili mikataba. Wewe unakwenda kuonyesha twiga. Nami nilipopelekwa kusoma Voronezh, mji wa Urusi, miaka ya 1980, tulikaa mwaka mzima katika kitivo cha maandalizi, podfak wenyewe wanavyokiita, na darasani walikuwemo wanaume waliokwisha kuacha wake na watoto kwao. Walimu wetu hawakutafsiri neno. Walionyesha dirisha, wakalitaja, ukalitaja, ukakosea, ukalitaja tena hadi koo likakauka. Waliofika mbali si wale waliokuwa na madaftari mazuri.

Sasa tuingie mdomoni. Nitakuandikia kwa herufi zetu ili mkeo naye aweze kusoma, na sehemu yenye mkazo nitaiandika kwa herufi kubwa. Wewe daftarini mwako andika kwa herufi zao, la sivyo utayasoma kama Kiingereza.

Shida ya kwanza ya Mswahili katika Kirusi ni mkazo. Sisi mkazo wetu una kiti chake, silabi ya pili kutoka mwisho, na karibu kila neno linatii. Tuna ubishi wa barabara ya kupita magari na barabara ya kumaanisha sawasawa, ambayo mkazo wake husogea mbele, basi. Kwa Warusi ubishi huo ndio maisha. Neno lao ZAmak ni ngome, zaMOK ni kufuli, na kwa maandishi ni kitu kimoja. Vitabu vya wanafunzi huweka alama ya mkazo, vibao vya barabarani na magazeti haviweki. Kwa hiyo kila neno jipya lichukue na mkazo wake siku ileile, kwa kusikia. Ukilichukua bila mkazo utaliweka kwenye kiti chetu, na mgeni atakukodolea macho ingawa umetaja herufi zote.

Mkazo huohuo unaziharibu irabu. Sisi a ni a na o ni o popote zilipo. Kwao o isiyo na mkazo husikika karibu na a. Imeandikwa Moskva, husemwa maskVA. Maji huandikwa voda, yakasemwa vaDA. "Vizuri" huandikwa kwa o tatu, khorosho, ukisikiliza ni kharaSHO, o moja tu ndiyo iliyosalimika. Nadhani hili ndilo lililokupoteza siku ile hata zaidi ya woga. Umezoea kuyaona maneno, yakaja yakiwa yamevaa sauti nyingine. Ama kuhusu swali la yule baba, choo kwao ni tuaLYET. Mwenzako hakusoma Kirusi, alisikiliza tu akakamata kitu kinachofanana na anachokijua. Wewe ulikuwa unatafuta herufi kichwani.

La pili ni konsonanti zilizobanana. Salamu yao ya heshima, ZDRAstvuyte, ulimi wetu hutaka kuipachika irabu kila pengo ipumue. Usiibebe kutoka mbele. Anzia mkiani: te, vuyte, stvuyte, kisha rastvuyte, ndipo uiongeze d na z. Rudia ukiwa unaendesha. Gari tupu kutoka Mara, kuanzia Narok hadi unapopanda kutoka Mai Mahiu, ni darasa zuri kuliko jiko lako, na hakuna wa kukucheka ila nyani wa kando ya barabara.

Mengine tumepewa bure. R yao hutikisika kama yetu. Kh ni ile ya wazee wa Mombasa wanaposema kheri. Ny tunayo, tena kamili. Wana neno nyanya, nalo kwao ni yaya wa mtoto. Sauti moja tu itakutesa, ile i nzito iliyo katika mi, yaani "sisi": midomo ibaki imetandazwa kama unasema i, ulimi urudi nyuma. Binti yako ataipata kabla yako, mwombe akufundishe.

Uliuliza kuhusu mikia ya maneno. Ni kweli nomino zao zina hali sita, na mkia hubadilika kulingana na kazi ya neno katika sentensi. Hata kuhesabu simba kuna mambo: adIN lyef ni simba mmoja, dva LVA ni wawili, na wakifika watano wanakuwa pyat LVOF. Mgeni aliyetoka Ulaya Magharibi hapa hulia. Wewe umekulia lugha ambamo kiti kikivunjika kila neno jirani hupata ki, na viti vikivunjika yote hugeuka vi. (Najua nyinyi wa Nairobi ngeli mnazikanyaga bila huruma, lakini mkizisikia zimekosewa mnajua.) Kwao vivumishi hufuata jinsia tatu za nomino: tembo mkubwa ni balSHOY slon, pundamilia mkubwa ni balSHAya ZYEbra, ziwa kubwa kama Naivasha ni balSHOye Ozera. Upatanisho si mgeni kwako, ni mavazi tu yamebadilika. Tena hawana kile kineno cha Kiingereza kinachotangulia kila nomino, wala hawahitaji "ni". Mimi dereva: ya vaDItil. Huyu tembo: Eta slon. Simba wako wapi: gdye lvi? Unaweza kusafiri nusu ya mbuga kwa sentensi za aina hiyo bila kugusa jedwali la hali sita.

Kwa hiyo jedwali libaki kwenye kitabu kwa sasa. Jifunze sentensi nzima za kazi yako, zikiwa zimekwisha kuvishwa mikia yake, kama mtoto anavyojifunza "tafadhali naomba maji" kabla hajajua kitenzi ni nini. SLYEva ni kushoto, SPRAva ni kulia, smaTRItye ni tazameni. SLYEva slon, SPRAva zhiRAF, na tayari umefanya kazi. Ukipata MOZHna, yaani inaruhusiwa, na nilZYA, hairuhusiwi, umepata funguo mbili zinazofungua milango mingi kuliko sarufi ya mwezi mzima. Mtalii akishika mlango wa gari karibu na simba, mwambie vikhaDIT nilZYA, ni marufuku kutoka, na useme kwa sauti ya dereva, si ya jikoni. Akitaka kupiga picha Mmaasai, yeye atakuuliza MOZHna? na utaelewa.

Tofauti moja ya vitenzi lakini usiiahirishe, kwa kuwa ni ya kazi yako hasa. Warusi hawana "kwenda" moja. Kwenda kwa miguu na kwenda kwa chombo ni vitenzi viwili. Mi YEdim, tunakwenda kwa gari. Mi iDYOM, tunakwenda kwa miguu. Ukisimamisha gari katikati ya Mara ukawatangazia mi iDYOM, utaona nyuso zinavyobadilika.

Na siku ukizidiwa, kwa maana utazidiwa, usikimbilie Kiingereza. Sema yiSHO ras, paZHAlusta, tena tafadhali. Au paMYEdlinyeye, polepole zaidi. Vitu hivi viwili vitangulie vingine vyote, kwa sababu vinambakiza mtu katika Kirusi huku ukipata nafasi ya kupumua. Akirudia, usijaribu kulielewa kila neno, kamata moja unalolijua ulishikilie. Ukihesabu pyat lyef badala ya pyat lvof, hakuna atakayeshuka garini kwa hasira. Atawaona simba.

Adabu kidogo. Tumia vi, si ti, kwa wageni wote isipokuwa watoto. Vi ndiyo ya heshima, nayo pia ndiyo ya watu wengi. Mtu mzima wa makamo huitwa jina lake likifuatiwa na la baba yake, kama Pushkin ambaye ni Aleksandr Sergeyevich, mwana wa Sergey, na babu yake mkuu Abram Gannibal alikuwa Mwafrika. Akikupa majina hayo mawili, yatumie yote mawili. Salamu ya ZDRAstvuyte hutolewa mara moja kwa siku kwa mtu yuleyule. Sisi tunaosalimiana asubuhi, tukisalimiana tena baada ya chai, huwaacha wakijiuliza kama tumewasahau. Usimpe mtu mkono mkiwa mmetenganishwa na kizingiti cha mlango, wengi huona ni mkosi, ingia ndani kwanza au yeye atoke. Uso mkavu wakati wa kukupokea si hasira, tabasamu kwa mtu asiyemjua si desturi yao sana, subiri siku ya pili. Na usiwaite wote Warusi. Kirusi huzungumzwa pia na watu wa Kazakhstan, Belarus, Ukraine na kwingineko, baadhi yao hukizungumza na hawataki kuitwa Warusi hata kidogo. Waulize wametoka wapi, ni swali zuri la kufungulia safari: sema atKUda vi? Habari za vita ziache nje ya gari hata wakizianzisha wao.

Ukishika mwendo huu wa kusema kwa sauti kila siku, nyumbani na barabarani, msimu wa nyumbu ukifika Julai utakuwa na uwezo wa kuwatoa wageni JKIA hadi kambini bila mkalimani. Nyumbu kwao ni antiLOpa gnu, usilisahau hilo, ndiye watakayekuwa wamemlipia. Hapo ndipo ufungue jedwali la hali sita, uanze na ile ya mahali na ile ya mtendwa, na utashangaa ni mikia mingapi ulikuwa nayo mdomoni tayari. Programu yako usiifute. Iwe ya kukumbusha maneno, na kila inachokuonyesha ukitamke kabla ya kubonyeza.

Kuhusu ajenti. Mwaka 2025 serikali yetu yenyewe ilithibitisha kwamba kuna Wakenya waliojikuta wamevalishwa sare katika vita vya Urusi na Ukraine baada ya kuahidiwa kazi nyingine, na Septemba mwaka huo polisi waliwatoa vijana zaidi ya 20 katika nyumba moja Athi River waliokuwa wakisubiri kusafirishwa. Mtu anayekuambia lugha utaimalizia hukohuko anajua vizuri kwamba mkataba utakaowekewa mbele utakuwa wa Kirusi. Muulize jina la kampuni yake kama lilivyosajiliwa, ulitafute katika orodha ya mawakala walioidhinishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Usipoliona hapo, au akianza kukuzungusha, usimpe pasipoti wala nakala yake. Na mkeo ajue kuhusu huyu pia, leo hiihii, mkimaliza ile ya saa.